Cheti cha Polisi Nimekificha Bandani, na Mke Wangu Anajifunza Kireno

Bi Noreen mpendwa,

Nakuomba unisaidie, na kabla ya yote nakuomba usinitaje jina, kwa sababu mji wetu ni mdogo na mimi ni mtu anayeaminiwa na watu kwa karatasi zao, maana kwa miaka ishirini na minne nimekaa kila Jumanne asubuhi kwenye meza ya kona pale maktaba nikishuhudia viapo na kugonga muhuri nakala za vyeti, kazi ya kujitolea hiyo, silipwi hata kikombe cha chai, na mtu yeyote wa pwani hii mwenye wosia au hati ya nyumba au fomu ya pasipoti, ukiangalia chini utakuta sahihi yangu, na leo huyo mtu ndiye anayekuandikia akiwa amejifungia bandani mchana kweupe, redio nimeiwasha ili mke wangu asinisikie, utadhani kalamu ina kelele.

Mke wangu nitamwita Glenys, ingawa silo jina lake, na mimi niite Wal. Tumeoana miaka thelathini na minane, watoto hatukujaliwa. Glenys aliendesha basi la shule miaka thelathini na moja, akiamka gizani kukwangua barafu kwenye kioo, na miaka yote hiyo juu ya usukani alikuwa na picha moja aliyoichana kwenye gazeti la zamani kwa daktari wa meno, picha ya mji wa kusini mwa Ureno, Tavira, nyumba nyeupe na mto na watu wazima wamekaa nje hawana haraka na mtu. Siku aliyostaafu alirudisha funguo za basi, akaja nyumbani na ile picha mkononi, akanibwagia mezani. “Wal, tunahama.” Nikamwambia, “Likizo, unamaanisha.” Akasema, “Nimesema tunahama. Mwaka mzima, na mwingine, na mwingine, mpaka tuchoke.” Nikamuuliza tutakula nini huko, akasema, “Samaki wa kuchoma na machungwa, na wewe utakuwa na jua mgongoni badala ya hiyo chupa yako ya maji moto.” Nikacheka, nikakubali, na wallahi nilikubali kwa moyo mmoja, sikuwa na hila yoyote siku ile.

Viza yenyewe ni ile ya kukaa muda mrefu, ya watu wanaoishi kwa pensheni zao bila kumwomba mtu kazi, na inataka karatasi nyingi, lakini karatasi kwangu ni chakula, nikajisifu kabisa kwamba hilo niachie mimi. Glenys akawa anasoma orodha kwa sauti huku mimi naweka alama, cheti cha ndoa, tunacho, barua ya pensheni, tunayo, mkataba wa nyumba wa mwaka mzima, tutatafuta, kisha akasoma, “Cheti cha tabia njema kutoka polisi, kila mmoja na chake. Hicho rahisi. Sisi hata faini ya kuegesha gari hatujawahi.” Nikasema ndiyo. Nikaweka alama. Nadhani niliweka alama mara mbili, maana kalamu ilitoboa karatasi.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Nina miaka sitini na sita. Nilipokuwa na kumi na tisa niliishi Australia bara, magharibi ya jimbo la Victoria, shambani kwa baba yangu, na ilikuwa siku ya marufuku ya moto, zile siku ambazo redio inatangaza tangu alfajiri hakuna kuwasha hata kiberiti, hakuna kuchoma nyama, hakuna kulehemu, hakuna chochote cha kutoa cheche, na mtoto wa shamba anayajua hayo kabla hajajua kusoma, nami niliyajua, niliisikia redio kwa masikio yangu, lakini lango la zizi lilikuwa limekwama na wenzangu walikuwa wananisubiri twende kuogelea, nikachukua grainda, ile mashine ya kukatia chuma, nikakata bawaba. Dakika moja tu. Cheche zikaangukia majani makavu na upepo wa kaskazini ukayachukua. Jirani yetu alikuwa mjane, Bibi Hatherley. Malisho yake yote yaliungua, na kondoo mia mbili, na nyumba aliyozaliwa. Hakufa mtu. Kondoo walijikusanya kwenye kona ya uzio, na nilikuwa karibu vya kutosha kuwasikia. Hapo naomba niishie.

Nilishtakiwa, nikapatikana na hatia, nikalipa nilichoamriwa. Bibi Hatherley alikuja mahakamani amevaa gauni la kuazima linalompwaya mabegani, kwa sababu nguo zake zote zilikuwa zimeungua, akanitazama mara moja, nami hata samahani sikusema, Bi Noreen, nilikuwa na miaka kumi na tisa na nikaangalia viatu vyangu. Baba alinipeleka kwa gari mpaka kwenye meli ya kuvukia kuja huku kisiwani Tasmania, akanipa begi langu akasema, “Usirudi mpaka nikuite.” Akafa hajaniita.

Huku nikaanza upya, nikamkuta Glenys, naye hakuuliza mengi, na mimi nikanyamaza mwaka wa kwanza kwa sababu nilimpenda, na mwaka wa pili kwa sababu nilinyamaza mwaka wa kwanza. Unajua kwetu mwanaume mwenye miguu miwili anajiunga na zimamoto ya kujitolea. Mimi sikujiunga. Nilisingizia kifua. Wenzangu wakienda motoni mimi nabaki na akina mama kituoni napaka siagi mikate, na pale klabuni wananitania, “Wal, wewe moto wako mwisho ni wa soseji,” watu wanacheka, Glenys anawajibu kwa ukali, “Mwacheni mume wangu, kifua chake mnakijua nyinyi?” Ananitetea kwa uongo niliomlisha mimi. Na nilipoomba kupewa muhuri, fomu iliuliza kama nimewahi kupatikana na hatia mahakamani, nikaandika Hapana, kwa mwandiko mzuri, nikala kiapo juu yake. Ndivyo nilivyoipata kazi ya kuwaapisha wenzangu.

Vyeti vya polisi vilikuja wiki moja, bahasha mbili. Cha Glenys alikifungua palepale, safi hakina doa, akakibandika kwenye friji kwa sumaku na kuandika chini yake “Mtakatifu”. Siku hiyo alikuwa ameshabandika vikaratasi vya Kireno nyumba nzima, kwenye birika, kwenye mlango, na mimi alinibandika kimoja kifuani, akacheka mpaka akakaa chini. Changu kilikuja siku mbili baadaye yeye akiwa dukani. Sikukifungua. Mpaka leo sijakifungua, kimo humu bandani ndani ya boksi la mbegu za nyanya, nakiona kutoka nilipokaa. Nikamwambia hakijafika. Kisha nikamwambia nimewapigia, wanasema kuna msongamano. Kisha siku zilipokaribia za kwenda Melbourne kwenye ofisi ya viza, nikapiga simu mwenyewe nikavunja miadi, nikaingia ndani nikamwambia wameahirisha wao. Mwenzangu alikuwa ameshasaini mkataba wa nyumba ya watu kule, yenye mchungwa uani. Alikaa kitini na koti lake jipya bado mkononi.

Baada ya wiki mbili akachoka kungoja, akasema hawa watu wanatuchezea, akachukua simu. Mimi nilikuwa kwenye nyanya, nikasikia dirishani anamfokea yule binti wa ofisini, anafoka haswa, vile alivyokuwa akiwafokea watoto waliosimama kwenye basi, kisha sauti ikashuka, kisha nikasikia, “Samahani sana, binti yangu. Asante.” Nikaingia nikajitia hamnazo. “Wamesemaje?” Akasema, “Wamesema ilivyo.” “Ilivyo vipi?” “Miadi mpya ni tarehe kumi na tisa mwezi ujao. Kanawe mikono tule.”

Tangu siku hiyo hajalalamika tena, nami nikashukuru nikadhani limepita. Amekuwa mpole ajabu. Anaendelea na mwalimu wake wa Kireno kwenye kompyuta, Dona Idalina wa mji wa Hobart, tena sasa wanasoma kila siku. Amepaki sanduku moja, anasema mengine yatanunuliwa kulekule. Na wiki iliyopita aliniita jikoni. “Wal, nionyeshe unavyobadilisha mtungi wa gesi.” Nikamwambia, “Wa nini? Si mimi nipo?” Akasema, “Nionyeshe tu, mzee wangu. Nyumba za kule zinatumia mitungi.” Nikamwonyesha unavyofunga, unavyozungusha, unavyopaka povu la sabuni kuangalia kama inavuja, akafanya mwenyewe mara tatu, akaandika kwenye daftari. Nilijisikia vizuri, nikasema mke wangu huyu hata uzeeni anapenda kujifunza.

Kilichonivunja ni Jumanne iliyopita. Alikuja kijana mmoja Mtonga wa visiwa vya Pasifiki, Siosaia, anafanya kazi kwenye shamba la chaza, ameleta tamko lake nimshuhudie kwa ajili ya kibali chake cha kuishi nchini. Ilinibidi nione kurasa zote. Aliandika kwamba akiwa na miaka ishirini alimpiga mtu kwa chupa. Nikamuuliza, “Hili walikuuliza?” Akasema, “Waliuliza kama lipo lolote, mzee. Nikaona walisikie kwangu.” Nikamwambia, “Na huoni aibu?” Akasema, “Naona sana. Ndiyo maana mwandiko umekuwa mbaya hivyo.” Nikamwapisha. Nikamwambia tamka kwamba haya ni kweli tupu, na muhuri ukatoka umepinda, ikabidi nigonge tena, naye akaniuliza kama naumwa.

Bi Noreen, nina aibu mpaka kwenye mifupa. Nimefikiria kukichoma hicho cheti, lakini mimi kiberiti siwezi kukishika, hata jiko huniwashia Glenys. Nimefikiria kujifanya moyo unanisumbua wiki moja kabla ya tarehe kumi na tisa, nikimbizwe hospitali, safari ife kifo cha kawaida. Nimefikiria kumwambia nimebadili mawazo, siupendi joto. Kusema kweli siwezi, kwa sababu akinitazama vile alivyonitazama Bibi Hatherley sitakuwa na meli ya kupanda. Naomba unipe njia ya kuizuia safari hii bila kumuumiza mke wangu.

Wako mwenye aibu,
Wal, pwani ya mashariki, Tasmania


Bi Noreen anajibu:

Wal, kwanza tucheke kidogo, maana baadaye hatutacheka. Umeniomba nisikutaje jina, halafu kila ukurasa wa barua yako umetia herufi za jina lako pembeni, wa mwisho umeweka sahihi na tarehe, na nyuma ya bahasha umeandika anwani kamili na namba ya simu. Mazoea, utasema. Mimi nimesoma barua za watu wanaojificha kwa miaka mingi na wengi wao hawaweki hata mji. Nafikiri kuna sehemu yako imechoka na inaomba ikamatwe. Nimefuta ninayopaswa kufuta.

Kuhusu moto, pole. Naisema kwa moyo. Ulikuwa kijana mpumbavu mwenye haraka ya kwenda kuogelea, ulijua marufuku ukaivunja, na mwanamke wa watu akapoteza nyumba. Lilikuwa kosa kubwa, na ulilipia ulichoamriwa kulipia, na juu yake ukajiongezea miaka arobaini na saba bila hakimu kukuambia. Na baba aliyekuacha bandarini bila kukuita alikosea pia, kama hakuna aliyewahi kukuambia hivyo nakuambia mimi. Kijana yule nimemhurumia sana, nilipofika pale kwenye viatu ilibidi niiweke barua chini.

Sasa pole imekwisha. Aliyeficha bahasha kwenye mbegu za nyanya si kijana wa miaka kumi na tisa. Ni mzee wa miaka sitini na sita, mwenye miwani na akili zake, aliyeinua simu akavunja miadi ya mkewe, akaingia ndani akamsingizia binti wa watu ofisini, kisha akasimama kwenye nyanya zake akisikiliza binti huyo akifokewa kwa kosa lake yeye. Usiniletee Bibi Hatherley hapo. Hakuhusika.

Na moyo! Unataka kujifanya mgonjwa wa moyo! Nilikuwa muuguzi kabla sijawa mtu wa gazeti, Wal, nimekaa na wake za watu kwenye viti vya wodi wakishika viatu vya waume zao mikononi hawajui wavipeleke wapi. Ukimfanyia mkeo hivyo kwa kusudi, usiniandikie tena.

Unaomba njia ya kutomuumiza. Umechelewa, na jambo linaloniuma ni kwamba umelishuhudia kwa macho yako, ukaliandika lote kwa mwandiko safi, na hukuliona. Yule binti wa ofisini alimwambia Glenys ilivyo. Alimwambia miadi haikuahirishwa na ofisi, ilivunjwa na mumeo, mama. Ndiyo maana sauti ilishuka. Ndiyo maana aliomba radhi. Kisha akakuwekea chakula, akakuachia nafasi useme, nawe ukanawa mikono ukala. Na mwanamke aliyekaa miaka thelathini na minane bila kugusa mtungi wa gesi hakuuomba kwa sababu anapenda elimu. Anajifunza kuishi kwenye nyumba ambayo wewe humo. Kapaki sanduku moja kwa sababu anayesafiri ni mmoja. Anasoma Kireno kila siku kwa sababu hatakuwa na mtu wa kuongea naye lugha yake mezani. Nawe ulisimama pale na povu la sabuni ukijisikia vizuri.

Nisikilize vizuri hapa. Habari za moto hazijui. Anachojua ni kwamba mume wake alivunja safari kwa siri na akamdanganya usoni. Ukimpa mtu nusu hiyo tu, nusu ya pili ataijaza mwenyewe, na naweza kukuambia amejaza nini: kwamba humtaki tena kiasi cha kwenda naye popote, na huna ujasiri wa kumwambia. Kila siku unayonyamaza unaogopa atajua wewe ni mtu wa aina gani, na kila siku hiyohiyo yeye anaamini jambo baya kuliko lile unaloficha.

Basi utafanya hivi. Utaizima redio, utaingia ndani mchana, utamwomba akae. Usianze kwa kumwambia “usikasirike”, wala usianze kulia, maana ukilia yeye ataacha yake aanze kukubembeleza, na amekubembeleza vya kutosha kuhusu hicho kifua. Anza na miadi. Mwambie, “Niliivunja mimi.” Kisha bahasha. Kisha moto, wote, pamoja na kondoo, pamoja na lile gauni la kuazima, pamoja na samahani ambayo hukuisema. Kisha nyamaza na umwache aseme anachotaka, hata kama ni kitu kibaya, hata kama anainuka anakwenda kutembea ufukweni kwa muda wa saa tatu. Usimfuate.

Na bahasha usiifungue kabla. Hili nalitilia mkazo kwa sababu nakufahamu sasa. Makosa mengine ya ujana yakishalipiwa huwa hayaandikwi tena kwenye vyeti vya namna hiyo baada ya miaka mingi, mengine huandikwa. Lako sijui liko upande gani, na wewe hujui, umeikimbia karatasi ambayo hujaisoma, mtu mzima wa karatasi! Lakini ukiifungua ukaikuta safi, utaibandika kwenye friji kando ya ile ya mkeo, utafunga mdomo, na mtakwenda Ureno nyote wawili kila mmoja peke yake. Kwa hiyo sema kwanza. Bahasha mpe yeye mkononi, aifungue yeye, na ikiwa imeandikwa lolote, mwende nayo hivyohivyo kwenye ofisi ya viza muulize. Wakikataa, wamekataa. Huwezi kufa kwa kukataliwa viza, nawajua watu wengi hapa Tasmania waliokataliwa na wanaendelea kunenepa.

Muhuri, utaurudisha. Jumanne hii usiende maktaba. Waandikie waliokupa, waambie uliandika Hapana na jibu lilikuwa Ndiyo, na uwaachie wao waamue kuhusu hayo uliyoyashuhudia. Itauma, watu watauliza, na klabuni watapata la kusema mwezi mzima. Utavumilia. Yule Siosaia ataendelea na maisha yake kwa mwandiko mbaya na usingizi mzuri, nawe huna sababu ya kuwa nyuma yake. Na mpigie simu binti wa ofisi ya viza umwombe radhi kwa jina lako kamili, bila kumtuma mkeo.

Inawezekana Glenys akasema bado anakwenda peke yake. Ana haki. Amefanya kazi miaka thelathini na moja akiitazama picha ile. Usimzuie, usiugue, na usimuulize mara mbili. Inawezekana pia akasema kitu ambacho mimi na wewe hatukitegemei, kwa sababu mwanamke anayewafokea klabu nzima kwa ajili yako huenda anakupenda kuliko unavyojipenda. Hilo mimi siwezi kukuahidi.

Jambo la mwisho. Kwa kuwa ulinipa anwani, jibu hili nililiweka posta Ijumaa iliyopita, kwa jina lako, ulisome kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilikupa siku sita. Majina nimebadilisha, lakini hakuna mke asiyeijua nyumba yake akiisoma. Leo ni Alhamisi, na gazeti hili hutupwa kila mlango wa pwani yetu kabla ya saa moja asubuhi, mtu aliombe asiliombe. Kama umeshasema, basi mnalisoma pamoja na mnanitukana pamoja, na mimi nimeridhika. Kama hujasema, inua uso umtazame, kisha anza, maana yeye ameshafika kwenye mstari huu.